Shamba la Kale Chini ya Plau: Bei ya Kulifukua na Bei ya Kuliacha

Mwaka 1972, katika kaunti ya Dorset kusini mwa England, wanaakiolojia wakiongozwa na Geoffrey Wainwright walifukua boma zima la wakulima wa kale, ukingo hadi ukingo. Boma lenyewe, Gussage All Saints, lina hekta 1.2 tu, yaani ekari 3. Wakulima walikaa hapo tangu karne ya 5 KK hadi karibu mwaka 80 BK, zaidi ya kizazi kimoja baada ya majeshi ya Kirumi kuivamia Uingereza mwaka 43 BK. Juu ya ardhi hapakuwa na ukuta wala kifusi cha kumjulisha mpita njia kwamba paliwahi kuishi watu. Palikuwa na shamba linalolimwa, na plau ilikuwa ikiyala mabaki yaliyokuwa chini yake.

England ina maelfu ya maeneo ya aina hii: vijiji vidogo na maboma ya familia, yaliyoanza kabla ya Warumi na mengi yakaendelea chini ya utawala wao hadi karibu mwaka 410 BK. Baadhi yanalindwa na sheria. Swali la uchambuzi huu ni la fedha: shamba la kale la ekari 3 linagharimu kiasi gani kulifukua, linagharimu kiasi gani kuliacha lilipo, na nani hasa anatoa hela hiyo?

Jibu kwa kifupi: kuliacha kunagharimu pauni mia kadhaa kwa mwaka, kulifukua kunagharimu mamia ya maelfu. Tofauti ni kubwa kiasi kwamba ungetarajia kila eneo liwe salama. Hayako salama, na sababu imo ndani ya hesabu zenyewe.

Hekta 1.2 zina nini ndani yake

Tuanze na handaki. Maboma mengi ya aina hii yalizungushiwa handaki, na udongo uliotoka ukarundikwa kandokando kuwa tuta. Chukua boma la hekta 1.2 lenye umbo la karibu na duara: mzingo wake ni kama mita 388. Handaki la umbo la V, lenye upana wa mita 2 juu na kina cha mita 1, hutoa mita moja ya ujazo kwa kila mita ya urefu. Hizo ni mita za ujazo 388 za mwamba laini wa chokaa, zilizochimbwa na kubebwa kwa mikono. Tukikadiria kwamba mtu mmoja alimudu mita moja ya ujazo kwa siku, hiyo ni kazi ya zaidi ya mwaka kwa mtu mmoja, au siku 20 kwa watu 20. Familia moja isingeweza kuifanya peke yake bila kuacha kulima. Handaki ni ushahidi wa majirani walioitana kazini.

Kisha nyumba. Wakulima hawa waliishi kwenye nyumba za msonge, zenye kuta za fito na udongo na paa la nyasi. Msonge mkubwa uliofukuliwa Pimperne, Dorset hiyo hiyo, ulikuwa na kipenyo cha karibu mita 12.8, yaani sakafu ya kama mita za mraba 129. Mwanaakiolojia Peter Reynolds aliujenga upya katika shamba la majaribio la Butser, Hampshire, miaka ya 1970, na ujenzi ukala miti zaidi ya 200. Msonge wa aina hiyo haukuwa kibanda cha kujikinga mvua. Ulikuwa jengo la mtu mwenye msitu wa kukata na watu wa kumsaidia kukata.

Halafu mashimo ya nafaka, ambayo katika eneo kama Gussage huhesabiwa kwa mamia. Shimo la wastani tuliweke kuwa na upana wa mita 1.5 na kina cha mita 1.5. Ujazo wake ni mita za ujazo 2.65, na ngano ikijazwa humo ni karibu tani 2, yaani magunia 20 ya kilo 100. Majaribio ya Butser yalionyesha namna yanavyofanya kazi: shimo likizibwa vizuri kwa udongo wa mfinyanzi, nafaka ya pembeni huanza kuchipua, inamaliza hewa ya oksijeni na kutoa kaboni dioksaidi, kisha kila kitu kinalala. Mbegu ilitoka mwishoni mwa baridi ikiwa bado inaota. Ukimpa mtu kilo 250 za nafaka kwa mwaka, shimo moja linalisha watu 8. Mashimo hayakutumika yote kwa wakati mmoja, na mengi yaliishia kuwa majalala, lakini hata 10 tu yakiwa yamejaa kwa pamoja ni magunia 200 chini ya ua.

Ni katika shimo moja lililogeuzwa jalala ndipo Gussage ilipotoa hazina yake. Humo palikuwa na vipande zaidi ya 7,000 vya kalibu za udongo zilizotumika kumiminia shaba nyeusi. Fundi alichonga umbo kwa nta, akalifunika kwa udongo, akalichoma nta ikayeyuka na kutoka, akamimina shaba ndani ya nafasi iliyobaki, kisha akavunja kalibu ili atoe kitu chake. Kalibu hutumika mara moja tu, ndiyo maana vipande ni vingi. Waliovichambua walikadiria kwamba vilitosha seti kama 50 za vifaa vya magari ya kukokotwa na farasi: lijamu, pete za kupitishia hatamu, pini za magurudumu. Hapo kabla, hakuna aliyedhani kwamba karakana ya vitu vya fahari namna hiyo ingekuwa uani kwa wakulima wa ekari 3.

Kutoka maeneo 68 hadi 20,000

Sheria ya kwanza ya kulinda maeneo ya kale Uingereza ilipita mwaka 1882, baada ya mbunge John Lubbock kuipigania kwa miaka. Orodha yake ilikuwa na maeneo 68: 50 katika kisiwa cha Uingereza na 18 Ireland. Mkaguzi wa kwanza, Jenerali Pitt-Rivers, aliteuliwa mwaka uliofuata. Hakuwa na nguvu ya kumlazimisha mwenye ardhi; kazi yake ilikuwa kubembeleza.

Sheria inayotumika sasa ni ya 1979, na orodha ya England peke yake ina maeneo takribani 20,000. Eneo likishaingia humo, hakuna anayeruhusiwa kulichimba, kulifukia, kujenga juu yake au kulivuruga bila kibali cha waziri, anayeshauriwa na taasisi ya Historic England. Kuomba kibali hakutozwi ada. Anayeharibu kwa makusudi anaweza kupigwa faini au kufungwa hadi miaka 2. Kupita humo na kifaa cha kutambua metali bila ruhusa ni kosa lenye kifungu chake.

Katika masuala ya gharama, jambo la kuangalia ni kile ambacho sheria hii haifanyi. Hainunui ardhi. Mwenye shamba anabaki kuwa mwenye shamba, na umma haupati haki ya kuingia. Shirika la English Heritage, ambalo tangu 2015 ni la hisani na lilianzishwa kwa ruzuku ya serikali ya pauni milioni 80, linatunza maeneo zaidi ya 400 yanayotembelewa na watu, kama kijiji cha mawe cha Chysauster huko Cornwall, kilichojengwa karibu miaka 2,000 iliyopita. Lakini 400 ukizipima kwa 20,000 ni asilimia 2. Kwa sehemu kubwa, urithi uliolindwa umo mikononi mwa watu binafsi, chini ya malisho ya kondoo na mashamba ya ngano.

Kwa hiyo serikali hutumia fedha kidogo: mishahara ya maofisa, ukaguzi, ramani, kesi chache. Mzigo wenyewe, yaani kutolima, kutochimba mtaro wa maji, kutopanda miti, umewekwa juu ya mkulima. Sheria imempa wajibu wa kitaifa na kumwachia bili.

Sentimita 25 zinazoshuka kila mwaka

Adui mkubwa wa shamba la kale, kwa upande wa kasi, ni ujenzi. Uchunguzi mkubwa wa hali ya maeneo ya kale England uliofanywa mwaka 1995 ulikuta kwamba asilimia 16 ya maeneo yaliyowahi kurekodiwa yalikuwa yamekwisha kutoweka kabisa, na kwamba tangu 1945 yalikuwa yakipotea kwa wastani wa karibu moja kila siku. Miji na ujenzi vilibeba sehemu kubwa ya upotevu huo. Kilimo kilihusika na asilimia 10 tu ya maeneo yaliyofutika kabisa. Lakini kwa uharibifu wa kumega kidogo kidogo, kilimo kilikuwa na asilimia 30, na hapo ndipo mashamba ya kale yanapoumia.

Kanuni za mwaka 1994 zinamruhusu mkulima aliyekuwa akilima juu ya eneo lililoorodheshwa aendelee kulima, mradi asishuke chini ya kina alichozoea. Kwa maneno, hilo ni sawa. Kwa hesabu, lina tundu. Plau ya kisasa hugeuza udongo kwa kina cha sentimita 20 hadi 30. Tuseme 25. Kwenye mteremko wa chokaa, mvua na upepo huondoa udongo wa juu. Ukipotea milimita 1 tu kwa mwaka, baada ya miaka 50 uso wa shamba umeshuka sentimita 5. Plau haijui kwamba uso umeshuka. Inaingia sentimita 25 zile zile, na kila mwaka meno yake yanagusa milimita moja ya mabaki ambayo mwaka uliopita yalikuwa salama. Mkulima hajavunja sheria hata siku moja, na eneo limeliwa.

Tena haliliwi kwa usawa. Shimo la nafaka lina kina cha mita 1.5, sentimita 5 ni asilimia 3 yake. Shimo la nguzo ya msonge laweza kuwa na kina cha sentimita 30 tu. Sentimita 5 ni moja ya sita. Kijifereji kilichopokea maji ya paa ni chembamba zaidi, na sakafu ya udongo, yenye majivu ya meko na vigae vilivyokanyagwa, haina kina cha kutaja. Kwa hiyo plau hufuta kwanza mahali ambapo watu walilala, walipika na kuzaa, na huacha mwisho mahali walipoweka nafaka. Ndiyo maana maeneo mengi yaliyofukuliwa yana ghala tele na nyumba chache. Msomaji asiyejua hilo anaweza kudhani kwamba watu wa kale walihifadhi chakula kuliko walivyoishi.

Bili ya kufukua

Sasa tuchukue boma letu la hekta 1.2 na tuamue kulifukua lote. Udongo wa juu wa unene wa sentimita 30 ni mita za ujazo 3,600, kama tani 5,400, unaoondolewa kwa mashine chini ya macho ya mwanaakiolojia. Baada ya hapo ni mkono, mwiko na brashi. Makadirio yangu ya kawaida tu: wafanyakazi 20 kwa siku 60 za kazi ni siku 1,200. Ukiweka pauni 250 kwa siku kwa kila mmoja, zikijumlisha mshahara, usafiri, mashine, bima na ofisi, unapata pauni 300,000. Kazi haijaisha. Mifupa inaoshwa, vigae vinapangwa, mbegu zilizoungua zinatambuliwa chini ya hadubini, tarehe zinapimwa maabara, michoro inasahihishwa, kitabu kinaandikwa, masanduku yanapelekwa makumbusho. Hatua hiyo si ajabu ikagharimu sawa na kuchimba kwenyewe. Jumla: pauni 600,000, au pauni 50 kwa kila mita ya mraba.

Hilo ni shamba kavu, ambako mbao na nguo zimekwisha kuoza. Kwenye tope lililoshiba maji bei hupaa. Mfano halisi ni Must Farm, karibu na Peterborough, kijiji cha nguzo kilichojengwa juu ya mto karibu mwaka 850 KK, kikaungua na kudondokea majini kabla hakijatimiza hata mwaka mmoja. Kilifukuliwa mwaka 2015 na 2016 kwa mradi wa pauni milioni 1.1, zilizotolewa na Historic England na kampuni ya matofali ya Forterra, yenye machimbo hapo. Eneo lilikuwa la mita za mraba 1,100 hivi. Fanya mgawanyo: pauni 1,000 kwa kila mita ya mraba, mara 20 ya makadirio yetu ya shamba kavu. Malipo yake yalikuwa vyombo 128 vya udongo, nguo na nyuzi zaidi ya 150, vitu vya mbao karibu 200 na vitu vya metali zaidi ya 90, kila kimoja karibu na pale kilipotumika siku ya moto.

Nani hulipa bili kama hizi? Tangu Novemba 1990, ilipotolewa sera ya mipango iliyoitwa PPG16, kanuni England ni kwamba anayetaka kujenga ndiye anayelipia kufukua kile atakachokiharibu. Sera hiyo iligeuza akiolojia kutoka kazi ya misaada kuwa sekta ya huduma yenye kampuni, zabuni na ratiba. Upanuzi wa barabara ya A14 kati ya Cambridge na Huntingdon unaonyesha ukubwa wa mambo. Barabara ya maili 21, kama kilomita 34, iligharimu pauni bilioni 1.5. Kabla ya lami, kuanzia 2016, wanaakiolojia hadi 250 walifukua karibu hekta 350, sawa na maboma 290 ya Gussage. Walikuta makazi 15 ya Zama za Chuma na ya Kirumi, na matanuri ya vyungu ya Kirumi zaidi ya 40. Kwenye mtaro wa shamba moja dogo ilipatikana sarafu ya Laelianus, aliyejitangaza kaizari mwaka 269 BK na kudumu kama miezi 2 kabla hajauawa. Ni ya pili ya aina yake kupatikana England. Sarafu ya mtawala wa miezi 2 ilisafiri kutoka bara hadi kwa mkulima wa kisiwani, na habari hiyo ingebaki chini kama barabara isingepita.

Bili ya kuacha

Upande wa pili wa daftari ni mfupi. Boma la hekta 1.2 halilindwi kwa kulima hadi ukingoni mwa handaki. Trekta inahitaji nafasi ya kugeukia, na mabaki hutawanyika nje. Tuweke hekta 2. Mpango wa serikali wa kuwalipa wakulima kwa kutunza mazingira, ulioanza kulipa mwaka 2016, ulikuwa na viwango vya aina tatu vinavyotuhusu. Kwa kuliondoa eneo la kale kwenye kilimo na kuotesha nyasi: pauni 425 kwa hekta kwa mwaka. Kwa kuendelea kulima kwa kina kifupi bila kugeuza udongo: pauni 77. Kwa kutunza eneo ambalo tayari lina nyasi: pauni 30. Viwango vimekuwa vikipanda tangu hapo, lakini uwiano unatosha kwa hesabu yetu.

Kwa hekta 2, ulinzi kamili ni pauni 850 kwa mwaka. Ukichukulia pauni moja kuwa shilingi 3,400 za Tanzania, ni kama shilingi milioni 2.9. Gawanya bili ya kufukua, pauni 600,000, kwa 850: unapata miaka 706. Kwa bei ya kufukua boma moja mara moja, mkulima angelipwa aache kulilima tangu sasa hadi karne ya 28.

Mhasibu atasema miaka 700 si hesabu ya kweli, maana fedha huzaa. Sawa, tufanye kihasibu. Mfuko unaozaa asilimia 2 juu ya mfumuko wa bei unahitaji mtaji wa pauni 42,500 ili utoe 850 kila mwaka bila kuisha. Hiyo ni asilimia 7 ya gharama ya kufukua.

Sasa panua hadi taifa. Tuseme maeneo yanayolindwa lakini bado yanalimwa ni 3,000, kila moja hekta 2. Kuyaondoa yote kwenye plau ni pauni milioni 2.55 kwa mwaka. Barabara ya A14 iligharimu wastani wa pauni milioni 44 kwa kilomita. Mashamba 3,000 ya kale kwa mwaka mzima ni mita 58 za barabara hiyo.

Kwa nini basi bado yanalimwa

Kama bei ni ndogo namna hii, tatizo liko wapi? Liko kwenye meza ya mkulima. Shamba la ngano England hutoa wastani wa tani 8 kwa hekta. Kwa bei ya pauni 180 kwa tani, hekta 2 huleta pauni 2,880 kabla ya kutoa mbolea, mbegu, dawa na dizeli. Katika mwaka wa namna hiyo, 850 bila jasho ni ofa ya kufikiria. Lakini mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipoipandisha ngano kupita pauni 300 kwa tani, hekta zile zile 2 zililingana na zaidi ya pauni 4,800. Mbolea na dizeli nazo zilipanda, ila mkulima aliyekwisha kununua mbolea mapema hakuhitaji kikokotoo.

La pili ni muda. Mikataba mingi ya malipo haya ilikuwa ya miaka 5. Eneo la miaka 2,500 linalindwa kwa vipande vya miaka 5, na kila kipande kinapoisha, mazungumzo yanaanza upya: sera imebadilika, waziri mwingine, fomu mpya, au mzee amefariki na mtoto anataka kupanda viazi. Viazi ni hatari kuliko ngano, kwa kuwa udongo hulegezwa na kuchambuliwa mawe kwa kina zaidi. Msimu mmoja wa viazi waweza kufuta kile ambacho mikataba miwili ya nyasi ilikihifadhi.

La tatu ni kwamba fedha za kufukua na fedha za kuacha hazitoki mfuko mmoja. Pauni 600,000 hulipwa na mjenzi kwa sababu bila hizo hapati kibali. Ni sehemu ndogo ya mradi wake. Pauni 850 hutoka bajeti ya kilimo, ambako zinashindana na nyuki, ndege wa shambani na maji safi. Hakuna anayeweza kuchukua asilimia 7 ya bili ya barabara akaifanya mfuko wa mashamba ya jirani. Taifa linalipa ghali pale lisipokuwa na chaguo, na linabana pale ambapo bei ni rahisi.

Hoja ya wanaotaka kuchimba

Kuna upande mwingine wa haki. Eneo lililolala chini ya nyasi halifundishi mtu. Karibu kila tunachokijua kuhusu wakulima wa Uingereza ya Kirumi kilitoka kwenye uchimbaji. Kwa muda mrefu picha ya mashambani chini ya Roma ilikuwa majumba ya matajiri yenye sakafu za vigae vya rangi. Baada ya PPG16, wajenzi walilipia uchimbaji kila mahali, hata penye mashamba ya watu wa kawaida, na ripoti zikajaa makabatini. Kati ya 2012 na 2016 Chuo Kikuu cha Reading, pamoja na Cotswold Archaeology, kilizikusanya na kupata makazi ya vijijini yaliyofukuliwa kama 2,500. Majumba ya kifahari yakaonekana yalivyokuwa: machache, tena zaidi kusini. Wengi wa watu waliishi kwenye maboma na vijiji, na katika maeneo mengi ya kaskazini na magharibi msonge uliendelea kujengwa vizazi vingi baada ya Warumi kufika.

Kazi hiyo isingefanyika kwa orodha ya 1979 peke yake. Lakini pia haihalalishi kufukua kila kitu. Wanaochimba leo wanasoma vinasaba na kemia ya meno, vitu ambavyo kikosi cha 1972 hakikuwa na njia ya kuvisoma. Gussage ilifukuliwa yote. Kilichobaki ni masanduku na kitabu cha 1979. Boma lililoachwa ardhini linangoja maswali ambayo bado hayajaulizwa. Na maboma 3,000 yakifukuliwa kwa pauni 600,000 kila moja ni pauni bilioni 1.8, zaidi ya barabara nzima ya A14, kwa maarifa ambayo sampuli ya mia chache ingeweza kuyatoa.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki kuna tofauti moja ya kisheria yenye faida. Tanganyika ilipata sheria yake ya kuhifadhi kumbukumbu za kale mwaka 1937, chini ya Waingereza. Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania ya 1964 ilichukua njia nyingine kwa vitu vya kale: mstari wa mwaka. Kilichotengenezwa na binadamu kabla ya 1863 kinalindwa bila kungoja ofisa akiandike kwenye orodha. Orodha ya England ina nguvu mahali ilipofika, lakini lisilomo humo linategemea ofisi za mipango na nia njema ya mwenye ardhi. Mstari wa mwaka unafika kote, hata kwa kile ambacho hakijagunduliwa. Udhaifu wa njia zote mbili ni mmoja: zinamkataza mtu kuharibu, wala hazimlipi kutunza.

Hapo ndipo hesabu zote zinapoelekea. Bei ya kuhifadhi shamba la kale ni ndogo, lakini inadaiwa kila mwaka, milele, na mtu ambaye hakuchagua kuwa mhifadhi. Mtaji wa pauni 42,500 kwa boma ungemaliza deni hilo mara moja: mkataba unaofungamana na ardhi, unaorithiwa pamoja nayo, usiotetereka bei ya ngano ikipanda. Kwa maboma 3,000 ni pauni milioni 127.5, chini ya kilomita 3 za A14. Ni fedha nyingi kwa idara ya utamaduni na ni chenji kwa idara ya barabara. Serikali iliyoweza kumwambia mjenzi mwaka 1990 kwamba anayeharibu alipe, inaweza pia kumwambia achangie sehemu ndogo kwa ajili ya yale ambayo hayajaharibiwa. Hadi hapo, plau itaendelea kupita, kihalali, kwa kina kile kile kilichoruhusiwa.